Kisima kimetiwa klorini, mbona DNA ya bakteria bado yaonekana?

*"Assalaam aleikum daktari. Nauza juisi huku Kisauni, Mombasa: ukwaju, bungo na embe. Maji nateka kisima cha uani, ambacho twakitumia wapangaji sita. Choo cha shimo kiko hatua kama ishirini kutoka hapo. Mwezi uliopita watoto wawili wa mpangaji waliharisha, tukakitia kisima klorini siku ya Jumamosi. Jumatatu nikasuuza chupa mbili tupu za maji ya dukani, nikazijaza, moja nikapeleka maabara ya serikali na nyingine maabara ya watu binafsi. Ya kwanza imeandika 'E. coli: 0 kwa mililita 100'. Ya pili walipima kwa PCR, wakaandika 'DNA ya E. coli: imeonekana, Ct 34'. Nimeambiwa PCR ndiyo kipimo kikubwa kuliko vyote. Mama mkwe asema DNA ni ya kutafutia baba wa mtoto, kisimani imeingiaje? Mpwa wangu naye asema kuna vikaratasi vya DNA vinavyogeuka rangi maji yakiwa na bakteria, ninunue hivyo mtandaoni niachane na maabara. Niamini karatasi ipi? Nifunge biashara? Na hiyo DNA wateja wakiinywa itawadhuru?"*

Waaleikum salaam dada yangu. Pole kwa mahangaiko, na natumai hao watoto wameshapata nafuu. Mimi ni mtu wa maabara, si tabibu. Nitakujibu habari ya maji na vipimo, na pale panapotaka tabibu nitakwambia.

Nikikuelewa vizuri, una majibu mawili ya maji ya kisima kimoja, yaliyotekwa wakati mmoja, na yamepingana. Wewe wataka kujua nani amesema uongo. Huenda hakuna aliyesema uongo, kwa sababu maabara hizo mbili hazikuulizwa swali moja. Ya serikali iliulizwa: humu mna E. coli, yaani bakteria wa matumboni, aliye hai, awezaye kuzaana? Ya PCR, ufundi wa kutafuta DNA, iliulizwa: humu mna maandishi ya bakteria huyu, yaani DNA yake, awe hai au amekufa? Kisima kilichotiwa klorini juzi chaweza kabisa kujibu "hapana" kwa swali la kwanza na "ndiyo" kwa la pili. Hata hivyo, karatasi hizo zote mbili hazitoshi kukufungulia biashara wala kukufungia, na sababu kubwa ni jambo ulilolitaja kwa kupita tu: zile chupa ulizozisuuza. Nitalifikia.

Nianze na mama mkwe, maana swali lake ni la maana kuliko linavyoonekana. Amesema kweli kwamba DNA hutumika kumjua baba wa mtoto. Inafaa kazi hiyo kwa sababu kila kiumbe kina DNA yake, na mpangilio wake hutofautiana. Mwembe unayo, tasi baharini anayo, na bakteria asiyeonekana kwa macho anayo. Ni uzi mrefu ulioandikwa kwa herufi nne tu, ambazo wanasayansi huziita A, T, G na C. Uzi wa E. coli una herufi zipatazo milioni 4.6. Ndani ya uzi huo mna vifungu ambavyo viumbe wengine wanaokaa majini hawana. Anayepima maji kwa njia hii hatafuti mtu. Anatafuta kifungu cha maandishi ambacho ni cha bakteria huyo peke yake.

Kukipata kwenyewe kunategemea tabia moja ya herufi hizo: A hushikana na T, na G hushikana na C, basi. Bila shaka umewahi kumtazama mshonaji wa mkeka akiunganisha ukili kwa ukili. Urembo wa upande huu usipokutana na urembo wa upande wa pili, mkono wake husimama. DNA nayo ni nyuzi mbili zilizolazwa kando kwa kando namna hiyo. Ukizitenganisha kwa moto, kila mmoja hutafuta mwenzake. Kwa hiyo maabara hutengeneza vipande vifupi vya DNA, vya herufi kama ishirini hivi, vilivyopangwa vikutane na kifungu cha E. coli tu. Vikitiwa ndani ya maji yenye DNA za kila namna, huzipita nyingine zote na kunasa pale panapolingana.

Sasa shida ni kwamba kifungu chenyewe huenda kiko kimoja au viwili katika kichupa kizima. PCR ni ufundi wa kukizidisha. Mashine hupasha kichupa moto mpaka nyuzijoto kama 95, nyuzi zikaachana. Hukipoza mpaka kama 60, vile vipande vifupi vikanasa mahali pake. Kisha kimeng'enya, protini inayounda DNA, hukamilisha uzi uliobaki. Kimoja kimekuwa viwili. Mzunguko ukirudiwa huwa vinne, halafu vinane, na baada ya mizunguko 30 huwa vimepita bilioni moja. Mmarekani Kary Mullis ndiye aliyeubuni mwaka 1983, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Kimeng'enya kinachotumika kilipatikana kwa bakteria wa chemchemi za maji moto za Yellowstone huko Marekani, na ndiyo maana joto lote hilo halikiharibu.

Hapo ndipo ile "Ct 34" yako inapotoka. Ni idadi ya mizunguko ambayo mashine ilizunguka kabla ya kuona chochote. Namba ikiwa ndogo, ina maana kitu kilikuwa kingi tangu mwanzo. Ikiwa kubwa, kilikuwa kidogo. Kila mzunguko ni maradufu, kwa hiyo Ct 34 ikilinganishwa na Ct 24 ni kiasi kilichopungua kama mara elfu moja. Yako ni ya mwisho mwisho. Aliyekupa karatasi hiyo bila kukueleza namba hii amekuonea, kwa sababu neno "imeonekana" peke yake linatisha.

Tuje kwenye jambo lenyewe. PCR haijui uhai. Ukiona miba ya tasi kwenye sahani, umejua kulikuwa na samaki. Hujajua kama yuko anayeogelea. Klorini huua bakteria, lakini mzoga wake haufutiki papo hapo. DNA huvunjikavunjika taratibu, na kwa kuwa PCR inahitaji kifungu kifupi tu, mara nyingi cha herufi mia moja au mia mbili, vipande vilivyobaki hutosha kuiwasha mashine siku kadhaa, wakati mwingine na zaidi. Nyinyi mlitia dawa Jumamosi, mkapima Jumatatu. Mimi ningeshangaa kama PCR isingeona kitu.

Wako wanaojaribu kuifundisha PCR kutofautisha. Kuna rangi maalumu inayoingia tu kwenye bakteria ambaye ngozi yake imetoboka, yaani aliyekufa. Ikimulikwa kwa taa huing'ang'ania DNA yake, na mashine haiwezi tena kuisoma. Njia nyingine ni kutafuta RNA ya ujumbe, nakala ya muda ambayo bakteria hai huitoa kwenye DNA yake, badala ya DNA yenyewe, kwa kuwa hiyo huharibika ndani ya dakika chache, kwa hiyo ukiikuta, mwenyewe hayuko mbali. Ni njia nzuri, lakini klorini yaweza kumuua bakteria bila kumtoboa, na hapo rangi nayo hudanganyika.

Na wateja kuinywa hiyo DNA? Haina madhara, dada. Embe unalosaga lina DNA nyingi kuliko glasi ya maji ya kisima chako, na tumbo huisaga kama chakula kingine chochote. Anayedhuru ni bakteria aliye hai, au sumu aliyoitoa. Hili usilipotezee usingizi.

Kuna jambo la pili kuhusu ile PCR ambalo watu wa nje ya maabara hawaambiwi. E. coli ndiye punda wetu: viwanda humtumia kutengenezea vimeng'enya vingi, vikiwemo vile vya kuendeshea PCR yenyewe. Vikisafishwa vibaya, hubaki na chembe za DNA ya E. coli ndani yake. Kwa hiyo mtu anayemtafuta E. coli kwa PCR anaweza kumkuta ndani ya dawa zake mwenyewe, na huyo wa kwenye dawa hutokea kwenye mizunguko ya mwisho, huko huko kwenye 34 na 35. Nakumbuka asubuhi moja miaka yangu ya mwanzo kazini, trei nzima ya vichupa ilitoa mwanga, ambao ndio alama ya mashine kwamba imeona DNA, hata kile kichupa tulichotia maji safi tupu. Tulikaa siku mbili tukitafuta kosa, tukakuta ni chupa mpya ya kimeng'enya. Majibu yote ya siku ile tuliyatupa na tukawaomba wenyewe walete maji upya. Kile kichupa cha maji matupu ndicho kilichotuokoa. Kila maabara ya haki hukiendesha sambamba na sampuli za wateja. Nenda uwaulize: cha kwenu siku ile kilikaa kimya? Kama kilitoa mwanga, ulitoka mzunguko wa ngapi? Ni haki yako kuuliza, na mtu wa maabara anayeijua kazi yake hatakasirika.

Sasa ile karatasi ya sifuri, ambayo naona umeipenda. Kipimo cha kuotesha nakipenda mimi pia, ni cha zamani na ni cha kweli. Maji mililita 100 hupitishwa kwenye karatasi nyeupe ya duara, ndogo kuliko kiganja, yenye vitundu vidogo hata bakteria hapiti. Karatasi hulazwa juu ya chakula chao kwenye kisahani, kisha kisahani huwekwa kwenye joto usiku kucha. Asubuhi, kila bakteria aliyekuwa hai amezaa ukoo, na ukoo huonekana kama doa, la buluu au la manjano kulingana na chakula kilichotumika. Unahesabu madoa kwa macho. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasiwe na hata doa moja la E. coli kwa mililita 100.

Lakini maji yako yalikuwa na klorini. Ukiyafunga kwenye chupa, klorini haijui kwamba safari ya kisimani imekwisha. Huendelea kuua humo humo chupani, umeipakata kwenye matatu, mpaka unafika maabara. Kwa sababu hiyo chupa halali ya kuchukulia maji hutolewa na maabara ikiwa imechemshwa kuua vijidudu, na chini yake wametia dawa kidogo iitwayo thiosulfati ya kuizima klorini pale pale maji yanapoingia. Chupa ya dukani iliyosuuzwa haina dawa hiyo, wala haina uhakika wa usafi. Sifuri yako basi yaweza kuwa ya kisima, au ya ile safari ndani ya matatu. Hakuna anayeweza kukwambia ni ipi.

Isitoshe, hata chupa ingekuwa sahihi, siku mbili baada ya kutia dawa ulikuwa unaipima klorini, si kisima. Na niseme na hili, kwa uadilifu: kuotesha nako kuna upofu wake. Tangu mwaka 1982, kwa kazi ya Rita Colwell na wenzake huko Marekani, tunajua kwamba E. coli na bakteria wa kipindupindu wakipata taabu huweza kulala, wakawa hai lakini hawaoti kwenye kisahani. Kwa hiyo sifuri ni habari njema, ila haitoi hakikisho la milele.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kisima chenyewe. Mombasa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na jiwe la matumbawe lina nyufa na mapango madogo kama sifongo. Mchanga huchuja maji polepole. Ufa hauchuji kitu. Watu hutaja mita 30 kati ya choo na kisima, na ni kipimo kizuri cha kuanzia, lakini kwenye matumbawe hata hizo si dhamana, na hatua zako ishirini ni kama nusu yake tu. Masika yakinyesha, maji ya shimo huinuka na kutafuta njia. Kutia klorini mara moja kwenye kisima kama hicho ni kuoga hali umesimama matopeni. Leo safi, wiki ijayo yaleyale.

Ujue pia kwamba E. coli wengi hawana ubaya, wanaishi matumboni mwetu sote. Tunamtafuta kwa kuwa ni shahidi: akionekana kisimani, kinyesi kimefika, na kinyesi kikifika chaweza kuja na homa ya matumbo, kipindupindu, au virusi vya kuharisha ambavyo vipimo vyako vyote viwili havikuviangalia kabisa.

Hapa ndipo PCR inapostahili heshima yake, maana sitaki uondoke ukidhani haifai. Chukua bakteria wa kipindupindu. Kwenye maji ya chumvi na ya mkondo kama ule wa Tudor hapo Mombasa, jamii ya bakteria huyu huweza kuishi zake bila kumdhuru mtu, kwa sababu wengi wao hawana jeni, yaani kifungu cha DNA, la kutengeneza ile sumu ya kumwaga maji ya mwili. Jeni hilo huletwa kwao na kirusi kinachowaingia bakteria, jambo lililothibitishwa mwaka 1996. Ukiwaotesha, mwenye sumu na asiye na sumu hufanana. PCR husoma jeni lenyewe, ikakwambia saa chache baadaye huyu anayo au hana. Kunapozuka mlipuko, jibu hilo ni dhahabu. Kwa kumkagua E. coli kwenye kisima kilichotoka kutiwa dawa, umetumia kisu cha daktari kukatia nazi.

Mpwa wako. Anachokisema kipo, na ni katika mambo yanayonifurahisha sana kwenye fani hii. DNA inaweza kuwa mtafutaji badala ya kuwa kitafutwacho. Mwaka 1990 watafiti walionyesha jinsi ya kuchuja mabilioni ya nyuzi za RNA zenye herufi ovyo mpaka upatikane uzi unaojikunja ukashika kitu kimoja tu. Na mwaka 1994 ukapatikana uzi wa DNA unaoweza kukata, ukifanya kazi kama kimeng'enya. Kutoka hapo, Chuo Kikuu cha McMaster huko Canada walitengeneza uzi ambao E. coli akiwa karibu, kitu anachokitoa mwilini huuamsha uzi, nao hujikata mahali maalumu, na ukikatika hutoa mwanga. Mwaka 2018 wakaonyesha kiraka cha plastiki cha kufungia chakula chenye nyuzi za namna hiyo, unakimulika bila kufungua pakiti. Hakuna mashine ya kuzidisha DNA wala moto, na bakteria hutambuliwa kwa kile anachokitoa.

Lakini kwa kisima chako fanya hesabu hii. Tunamtafuta bakteria mmoja ndani ya mililita 100. Tone linaloingia kwenye kikaratasi ni kama sehemu moja ya elfu mbili ya maji hayo. Kikaratasi kitakwambia "salama" huku bakteria wako wote wamebaki kwenye glasi. Ndiyo maana hata watafiti wenyewe mara nyingi huwakusanya bakteria kwanza, au huwaacha wazaane kwa saa kadhaa kabla ya kuwapima. Na vikaratasi vingi vinavyouzwa mtandaoni kwa jina la kupima maji havina DNA yoyote, ni rangi tu za kupima chumvi na kemikali. Usinunue. Zile mashine ndogo zinazozidisha DNA kwa joto moja la nyuzi 60 hadi 65, ufundi uliotangazwa Japani mwaka 2000, ni za maana kwa kazi ya nyanjani, ila nazo huuliza swali lilelile la PCR: maandishi yapo? Si: yu hai?

Basi ufanye nini kuanzia kesho. Biashara usifunge, badilisha maji. Maji ya juisi yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja kamili, uyapoze ndani ya chombo chenye kifuniko na bomba, si cha kuchota kwa kikombe. Ukipenda klorini badala ya kuni, tumia ile ya kutibu maji ya kunywa, fuata kipimo cha kwenye chupa yake, na usubiri dakika 30. Itie kwenye maji matupu kabla ya tunda lolote. Watu wengi hukosea hapa: rojo la embe na ukwaju huila klorini yote, bakteria wakabaki wanatazama. Maji yenye vumbi nayo huila, kwa hiyo yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Ukali wa ukwaju huwazuia baadhi ya bakteria, lakini si wote, usiutegemee.

Barafu. Nimeona mtu anachemsha maji ya juisi kwa uangalifu wote halafu anatia barafu ya maji ya kisima juu yake. Kuganda hakuui bakteria wote, wengi huhifadhika. Barafu yako itoke kwenye maji yaleyale uliyochemsha, na glasi zisuuzwe kwa maji hayohayo.

Pesa ya kipimo kingine cha PCR iweke kwenye kipima klorini kidogo, cha aina wanayotumia wenye mabwawa ya kuogelea. Unatia maji, unadondosha dawa au unatumbukiza kidonge, yakigeuka pinki unalinganisha na rangi za pembeni. Dakika thelathini baada ya kutibu unataka uone angalau miligramu 0.5 kwa lita, na kwenye chombo cha kuuzia isishuke chini ya 0.2. Hicho utakitumia kila asubuhi, na kila asubuhi kitakupa jibu la siku ile. Ukinunua maji ya mkokoteni, yapime na kuyatibu vilevile. Mtungi umepita mikono mingi.

Kisima ukipime upya, kwa kuotesha, siku ambayo kipima klorini kimekwambia klorini imekwisha kabisa. Chukua chupa ya maabara, uijaze bila kugusa mdomo wake, uitie kwenye kasha lenye barafu, na ifike ndani ya saa sita. Rudia baada ya mvua kubwa ya kwanza, kwa kuwa jibu la kiangazi halisemei masika. Kikiota kitu hata mara moja, kisima hicho kibaki cha kufulia na kusafishia sakafu, na wapangaji wote waambiwe.

Mwite bwana afya wa eneo lenu aje akione kwa macho. Mimi nikiwa hapa siwezi kuona kama ukingo wa kisima umeinuka, kama kifuniko kipo, kama ndoo ya kutekea yalazwa chini, wala shimo la choo lina kina gani. Usimwogope, na usingoje aje kwa malalamiko ya jirani. Aliyeitwa huja kusaidia.

Habari ya watoto sasa. Wakiharisha tena, mwape maji ya chumvichumvi ya ORS tangu mwanzo, yaliyochanganywa kwa maji yaliyochemshwa, na zahanati watawapa na zinki. Msiwape vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kabatini. Mkimbizeni hospitali mara moja mtoto ambaye kinyesi chake ni majimaji meupe kama maji ya mchele, au kina damu. Ambaye macho yamedidimia, hakojoi, amelegea, au hata maji ya ORS anayatapika. Njiani endeleeni kumnywesha. Wakiugua wawili au zaidi katika nyumba moja kwa siku zilezile, mwambieni tabibu hivyo mnapofika, maana hapo ndipo kinyesi kitakapochukuliwa kipimwe, pengine kwa PCR, na hakuna atakayengoja majibu ndipo aanze kutibu. Na wewe mwenyewe, au kijana anayekusaidia, mkiharisha, msiguse juisi mpaka zipite siku mbili kamili tangu kukoma.

Utakapokwenda kuwauliza wale wa PCR habari ya kichupa chao cha maji matupu, waombe wakuandikie jibu chini ya karatasi yako, na mzunguko wenyewe kama ulitokea. Nitumie. Ikiwa nacho kilitoa mwanga huko kwenye 34 au 35, basi karatasi yao haithibitishi kwamba huyo E. coli uliyekosa usingizi kwa ajili yake alitoka kisimani kwako.